Mstari Unaopita Kati ya Lokandu na Kindu

Tarehe 20 Desemba 2023, mpiga kura wa mji wa Kindu, awe wa komine ya Kasuku, ya Mikelenge au ya Alunguli, alisimama mbele ya mashine ya kura akaulizwa mambo manne: amchague rais wa Jamhuri, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na mshauri wa komine yake. Siku ileile mpiga kura wa Lokandu aliulizwa mambo matatu. Swali la nne halikumfikia. Sababu haikuwa mashine wala karani. Uchaguzi wa washauri wa komine ulipangwa mwaka ule kwa komine za miji mikuu ya majimbo tu, na sisi wa Lokandu, tukaao chini ya Kindu kwa kuufuata mto Lualaba, tumo katika teritware ya Kailo, nje ya mji. Kuna mstari uliomtenga aliyeulizwa mara nne na aliyeulizwa mara tatu, na mstari huo hauna jiwe wala nguzo.

Vijana wapenzi, katika mikutano yenu mara nyingi mnajadili nani achaguliwe. Ni mjadala wa haki. Lakini kabla ya kuuliza nani, kuna kuuliza wapi: eneo ambamo tunapigia kura lilichorwa na nani, lini, kwa shabaha gani, na je, wakaaji wake waliulizwa? Ni swali ambalo vitabu vya shule hulipita upesi, pengine kwa sababu jibu lake limetawanyika katika amri na sheria za zaidi ya miaka mia moja. Tumejaribu kulikusanya hapa kwa ajili yenu. Kwa upande wetu tunaona kwamba katika nchi yetu mpaka wa uchaguzi husogea kwa njia mbili. Husogea kwa amri inayogeuza hadhi ya mahali, na jambo hilo wananchi wamezoea kulisikia likiisha kutendeka. Husogea pia kwa hesabu ya walioandikishwa, na hiyo wananchi wanaishika mikononi mwao, wengi bila kujua.

Tuanze na yale ya kale. Wasomaji wa historia wanajua kwamba Lokandu ilitajwa zamani kwa jina la Riba-Riba, kituo cha wafanyabiashara waungwana waliotoka pwani. Ni katika njia za Riba-Riba, mwaka 1892, ambapo Arthur Hodister na wenzake, waliokuwa wakipanda mto kwa ajili ya biashara ya kampuni ya Ubelgiji, waliuawa. Vita kati ya Dola Huru la Kongo na waungwana vilifuata hadi 1894, na baada yake bendera ilikuwa moja tu mtoni. Wazungu walipokwisha kuishika nchi walitaka kujua watu wako wapi na ni wa nani. Amri ya tarehe 2 Mei 1910 iliweka kwamba kila Mkongomani wa vijijini awe chini ya usultani uliotambuliwa na serikali, wenye mipaka iliyoandikwa. Baadaye iligundulika kwamba masultani wengi walikuwa na watu wachache mno kwa hesabu ya utawala, na kwa hiyo amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilileta sekta: vikundi vidogo vidogo, hata visivyo vya ukoo mmoja, viliunganishwa chini ya mkuu mmoja.

Tusimame kidogo hapa, kwa maana ndipo penye mzizi. Mistari ile ilichorwa ili kodi ikusanywe, barabara zilimwe, na wafanyakazi wapatikane. Hakuna aliyefikiri mwaka 1933 kwamba siku moja ndani ya mistari hiyo watu watachagua wawakilishi. Msimamizi wa teritware alikuwa na ramani yake, akawaita masultani, akawaambia. Aliyekuwa na kijiji ng'ambo ya mto na mashamba upande huu hakuwa na mahali pa kusema. Na bado teritware zetu saba za Maniema, yaani Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia, pamoja na sekta zilizomo, zinatokana kwa sehemu kubwa na kazi ile ya wasimamizi. Leo teritware ndiyo eneo la uchaguzi la mbunge wa taifa na la mbunge wa jimbo. Nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mtoza kodi ndiyo tunayovaa siku ya kura.

Mwaka 1960 ukafika. Sheria za kuingilia uhuru ziliweka baraza la wabunge 137, kwa kipimo cha mbunge mmoja kwa kila wakaaji 100,000. Wanaume peke yao ndio waliopiga kura mwezi Mei mwaka ule. Mama zetu hawakuwa na haki hiyo. Hata hivyo angalieni jambo lililo la ajabu: katika kipimo kile cha 100,000, mwanamke alihesabiwa, mtoto mchanga alihesabiwa, mzee asiyeweza kutembea alihesabiwa. Uzito wa eneo ulitoka kwa watu wote waliokaa ndani yake, ingawa sauti ilitoka kwa wanaume tu. Kumbukeni jambo hili, kwani tutakuta leo mambo yamegeuka kinyume.

Baada ya uhuru, ramani ya majimbo ilichezewa kama karata. Majimbo sita ya mkoloni yalikatwa kati ya 1962 na 1963, yakawa zaidi ya ishirini, na watu wakayapa jina la dharau, vijimbo. Maniema lilikuwa mojawapo. Mwaka 1966 Mobutu aliyapunguza, kwanza yakawa kumi na mawili, kisha manane, na Maniema ikarudishwa chini ya Kivu, tukawa tena watu wa Bukavu. Miaka ishirini na miwili ikapita. Tarehe 20 Julai 1988 amri-sheria iliikata Kivu vipande vitatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tulifurahi, hatuoni aibu kusema, kwa sababu safari ya kwenda Bukavu kutafuta karatasi ilikuwa safari ya kuaga nyumbani. Lakini furaha ile ilikuwa ya mtu anayepokea zawadi. Chama kilikuwa kimoja, uamuzi ulitoka juu, na mpaka ulifuata mistari ya wilaya iliyokuwapo tayari. Zawadi, kama mjuavyo, haina mahali pa kusaini anayeipokea.

Katiba ya sasa ilipitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 18 na 19 Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha pili kilitaja majimbo ishirini na matano pamoja na mji wa Kinshasa. Mengi yalizaliwa kwa kukata yale ya zamani, na yalianza kazi mwaka 2015. Maniema haikuguswa, ikabaki kama ilivyo. Basi ramani ya majimbo ilipita mikononi mwa mpiga kura, ingawa ndani ya maandishi marefu ambayo alipaswa kuyajibu yote kwa neno moja, ndiyo au hapana. Tungeulizwa kifungu kwa kifungu, huenda majibu yangekuwa mengine.

Katika Katiba hiyohiyo mna jambo tunalopenda vijana walisome wenyewe. Kifungu cha 214 kinasema kwamba hakuna kutoa, kubadilishana wala kuongeza ardhi ya nchi bila wananchi wa Kongo kukubali kwa kura ya maoni. Mpaka wa nje haugusiki bila sisi. Lakini kifungu cha 4, kinachohusu majimbo mapya na maeneo mapya ya utawala ndani ya nchi, kinaruhusu kukata na kuunganisha kwa masharti ya Katiba na sheria, basi. Mkongomani anaulizwa iwapo ardhi yake itaingia Angola. Si lazima aulizwe iwapo kijiji chake kitaingia komine.

Sasa tuje kwenye hesabu, nasi walimu tunaomba uvumilivu wenu, kwani hapa ndipo penye kiini. Baraza la taifa lina viti 500. Maeneo ya uchaguzi ni teritware na miji, na kwa Kinshasa sehemu zake kubwa; mwaka 2006 yalikuwa 169. Hakuna tume inayozunguka na kuchora upya mistari kila baada ya miaka kadhaa. Teritware hubaki ilipo. Kinachobadilika ni idadi ya viti vyake. Kabla ya kila uchaguzi idadi ya walioandikishwa nchini hugawanywa kwa 500, na tarakimu inayotoka ndiyo bei ya kiti kimoja. Kila jimbo hupata fungu lake kwa bei hiyo, kisha fungu hilo hugawanyiwa teritware na miji ya jimbo, na vinavyobaki hupewa wenye mabaki makubwa. Eneo lililo dogo kabisa halikosi kiti kimoja. Bunge hupitisha ugawaji huo kwa sheria. Ile ya mwisho ilitangazwa mwezi Juni 2023.

Mwaka 2006 walioandikishwa walikuwa takriban milioni 25.7, kwa hiyo kiti kilikuwa na bei ya watu kama 51,400. Mwaka 2011 walikuwa takriban milioni 32, na bei ikawa 64,000. Mwaka 2023 walikuwa karibu milioni 44, na bei ikafika kama 88,000. Chukueni basi teritware ya mfano, ambayo tunaibuni kwa ajili ya somo tu, yenye walioandikishwa 150,000 mwaka 2006. Ilikuwa na viti viwili kamili na mabaki makubwa, karibu sana na kiti cha tatu. Ikiwa mwaka 2023 imeandikisha tena watu walewale 150,000, ina kiti kimoja kamili na mabaki. Hakuna mtu aliyegusa ramani. Hakuna mto uliohama. Na bado sauti yake Kinshasa imepunguzwa, kwa sababu nchi nzima imesonga mbele nayo imesimama. Ili ibaki na uzito wake wa 2006 ilipaswa kuandikisha watu 171 mahali pa kila 100 wa zamani.

Mmeona sasa jinsi mambo yalivyogeuka tangu 1960? Sensa ya mwisho ya nchi nzima ni ya mwaka 1984. Kwa kukosa hesabu ya watu, sheria yetu inahesabu kadi. Mtoto hana uzito. Mama anayekaa siku nzima ya mtumbwi kutoka kituo cha kuandikisha, akashindwa kuja kwa sababu ya homa ya mtoto, hana uzito, wala kwa kura yake wala kwa kiti cha teritware yake. Mwaka 1960 mama yake hakupiga kura lakini alihesabiwa. Yeye, mwenye haki zote kwenye karatasi, hahesabiki. Na vita vinaweza kufanya kwa maelfu kile ambacho umbali hufanya kwa mmoja mmoja: Desemba 2023 wakaaji wa Masisi na Rutshuru, pamoja na wale wa Kwamouth upande wa magharibi, hawakupiga kura pamoja na wengine, kwa kukosa usalama.

Kuna jambo lingine linalohusu parokia zetu za vijijini hasa. Vijana wetu wengi huenda Kindu kusoma au kutafuta kazi. Wakati wa uandikishaji wa mwanzo wa 2023 aliyekuwa Kindu alijiandikisha Kindu, kwa kuwa ndipo alipokuwa, na pia kwa kuwa kadi ya mpiga kura hutumika kama kitambulisho na hakuna anayetaka kukaa bila kitambulisho. Hatusemi alikosea. Tunasema tu kwamba uzito wake uliongezwa katika mizani ya mji, nao ukaondolewa katika mizani ya Kailo, hata kama wazazi wake, shamba lake na kesi ya ardhi ya ukoo wake viko Kailo. Mia tano wa namna hiyo ni jambo dogo. Elfu kumi si jambo dogo. Kijana ambaye hajui hesabu hii hajachagua. Amechaguliwa na barabara iliyompeleka mjini.

Katika nchi nyingine hila huingia kwa njia ya kalamu. Mwaka 1812 huko Massachusetts, Marekani, gavana Elbridge Gerry alitia sahihi ramani ya maeneo ya uchaguzi iliyopindishwa kwa faida ya chama chake. Eneo moja lilifanana na mjusi wa majini, na wachora katuni wakamcheka, na jina lake likabaki katika lugha yao hadi leo kwa maana ya udanganyifu wa namna hiyo. Kwetu mjusi hana haja ya kuchorwa. Yatosha vituo vya kuandikisha viwe vingi upande mmoja na vichache upande mwingine, au mashine zifike mapema huku na kuchelewa kule. Ndiyo maana ukaguzi wa daftari la wapiga kura ni jambo zito, na ndiyo maana wengi walishangaa kuona ule wa Mei 2023 ukifanyika kwa siku chache tu.

Turudi kwenye njia ya kwanza, ya amri. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo ya utawala yenye madaraka yake inasema kwamba mahali penye wakaaji angalau 20,000 panaweza kupewa hadhi ya komine kwa amri ya Waziri Mkuu. Waziri wa mambo ya ndani hupendekeza, Baraza la jimbo hutoa kauli ya kukubali, Waziri Mkuu hutia sahihi. Mwezi Juni 2013 Augustin Matata Ponyo, mwana wa Maniema aliyekuwa Waziri Mkuu, alitia sahihi amri nyingi za namna hii kwa majimbo yote. Sehemu nyingi za mashambani zikaamka zikiwa komine au mji, kwenye karatasi. Katika hatua zile tatu hamna baraza la kijiji hata moja. Sultani ambaye ardhi yake inakatwa, mkulima ambaye kodi ya soko lake itahamia ofisi nyingine, wanawakilishwa na mbunge wa jimbo, na kama mbunge huyo hakushuka kijijini, basi wamewakilishwa na ukimya.

Matokeo ya ukimya huo tuliyaona kwa jirani. Minembwe iko katika nyanda za juu za Kivu ya Kusini, upande wa Fizi, teritware inayopakana na Kabambare yetu. Wakati wa vita, mwaka 1999, utawala wa RCD uliifanya Minembwe kuwa teritware. Baada ya vita hadhi hiyo iliondolewa. Amri za 2013 zikaitaja kama komine. Amri ikalala kwenye makabati. Kisha tarehe 28 Septemba 2020 mkuu wa komine akasimikwa mbele ya wakubwa waliofika kwa ndege, na nchi nzima ikawaka. Kwa Wanyamulenge wengi, komine ilikuwa maana yake hatimaye serikali imewatambua kuwa wana wa mahali pale. Kwa Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu wengi, ilikuwa maana yake ardhi ya babu zao imekatwa usiku na kupewa wengine. Hatutaki hapa kuamua kesi ile, nasi tunawasihi vijana wasiirudie kwa maneno ya matusi yaliyozagaa wakati ule. Tunachotaka mkione ni namna ya kutenda. Miaka saba ilikuwapo kati ya amri na kusimikwa. Miaka saba ilitosha kukaa chini pande zote, kupita vijiji kimoja kimoja, kuandika mto gani na kilima gani, na kusikia hapana ya anayesema hapana. Tarehe 8 Oktoba 2020, siku kumi tu baada ya sherehe, Rais Tshisekedi akiwa Goma alitangaza kwamba anaifuta hatua ile na kwamba wataalamu watachunguza mipaka. Yaani uchunguzi ulikuja mwishoni, mahali ambapo ungepaswa kuwa mwanzo, na kati yake watu walikuwa wakifa.

Je, yawezekana kufanya vingine? Tutazame Kenya, nchi ambayo nayo ilikwisha kumwaga damu kwa ajili ya uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Katiba yao ya tarehe 27 Agosti 2010 iliweka maeneo bunge 290, mahali pa 210 ya zamani, na kifungu chake cha 89 kinaeleza jinsi ya kuyachora. Wanahesabu watu wote, si kadi. Kwa sensa yao ya 2009, watu 38,610,097 waligawanywa kwa 290, ikapatikana 133,138. Lakini hawakuishia kwenye tarakimu. Tume yao inaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 40 katika miji mikubwa na katika nchi yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko, ikiangalia umbo la nchi, historia na uhusiano wa jamii, na njia za mawasiliano. Tena inalazimishwa kushauriana na wote wanaohusika. Mwanzoni mwa 2012 tume ilitangaza mapendekezo yake, watu wakaitwa kuyasema mbele yake katika mikutano ya hadhara na kwa maandishi, kisha mwezi Machi ikatoa ramani ya mwisho. Asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, na mahakama ina miezi mitatu ya kumaliza kesi. Walikwenda! Kesi zaidi ya mia moja zilifunguliwa, na majaji walibadilisha mambo kadhaa, pamoja na majina ya mahali na kata za kuwekwa huku au kule.

Embakasi ya Nairobi, iliyokuwa imejaa watu kupita kiasi chini ya mbunge mmoja, ikagawanywa maeneo bunge matano. Lamu Mashariki, visiwa vyenye watu wachache sana, ikabaki na mbunge wake, kwa sababu Katiba ililinda maeneo yaliyokuwapo katika ugawaji ule wa kwanza. Wapo Wakenya walionung'unika kwamba si haki mtu wa kisiwani awe na uzito mara kadhaa kuliko mtu wa mjini. Ni malalamiko yenye msingi. Lakini yalisemwa hadharani, kwa sababu tarakimu zilikuwa zimetangazwa. Na wala tusiwapambe mno jirani zetu: Katiba yao inadai ugawaji mpya kabla ya miaka 12 kupita, yaani kufikia Machi 2024, na muda huo ulipofika tume yao haikuwa na makamishna hata mmoja. Sheria nzuri nayo huhitaji watu wa kuikalia.

Kutoka Kenya tunaazima hasa kile kipimo cha njia za mawasiliano, kwa kuwa kwetu kina maana ya pekee. Anayetazama ramani ofisini huona Lualaba kama mpaka mzuri: ni pana, haubishaniwi, unaonekana hata kutoka angani. Anayekaa Lokandu anajua kwamba mto ndio barabara yetu. Kutoka Ubundu hadi Kindu vyombo hupita. Wenye mitumbwi huvuka asubuhi kwenda shamba na kurudi jioni. Harusi na matanga ni ya kingo zote mbili. Kwa upande mwingine, vijiji viwili vilivyo upande mmoja wa mto, vilivyotenganishwa na kinamasi ambacho ramani haikionyeshi, vinaweza kukaa majira yote ya mvua bila kuonana. Alunguli iko ukingo wa kulia wa mto na ni sehemu ya mji wa Kindu bila taabu yoyote, na hiyo inaonyesha kwamba hata serikali inajua mto huunganisha, pale inapotaka kujua. Ujuzi wa namna hii hauwezi kutoka katika daftari la waziri. Ndio mchango ambao mkaaji wa kawaida, hata asiyesoma sana, anaweza kuuleta na ambao hakuna mtaalamu atakayeuleta mahali pake.

Mtasema: mlango uko wapi? Sheria yetu haina mkutano wa hadhara kama wa Kenya, lakini ina nyufa ambazo hatujazitumia. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa serikali, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Baraza la jimbo, ambalo kauli yake inahitajika kabla mahali hapajapewa hadhi ya komine, linakaa Kindu. Kwa mtumbwi wenye mota si mwisho wa dunia. Ombi linalofika mezani kabla ya kauli kutolewa lina nguvu ambayo maandamano ya baadaye hayana.

Ila tusiandike ombi la kelele. Tumeona maombi ya namna hiyo, kurasa tatu za sifa na ukurasa mmoja wa madai, bila jina la kijiji hata kimoja. Ombi juu ya mpaka linapaswa kusema vijiji gani, kijito gani, kaya ngapi, soko gani na siku gani ya soko, zahanati ipi, kituo kipi cha kuandikisha na mwendo wa saa ngapi kukifikia. Tena linapaswa kuwa na ukurasa wa wale wasiokubali, na sababu zao zikiandikwa kwa maneno yao wenyewe, kwa kuwa Minembwe imetuonyesha gharama ya ukurasa huo ukikosekana. Si kila mtu wa Lokandu atataka komine. Mkuu wa sekta anaweza kuwa na hofu ya kweli, na mkulima anaweza kuuliza, kwa haki, kama kodi mpya zitaleta chochote zaidi ya wakusanya kodi wapya.

Kwa mwaka huu vikundi vya vijana vinaweza kuanza na jambo dogo kuliko ombi: kuandika, kijiji kwa kijiji kando ya mto, kila mmoja aliyetimiza miaka 18 alijiandikisha wapi mwaka 2023, na asiyejiandikisha alizuiliwa na nini. Waliohamia Kindu waandikwe pia, kwa majina ya vijiji walikotoka. Wanaotimiza 18 kabla ya uchaguzi ujao wawekwe ukurasa wao. Kwa upande wetu wa mto, daftari moja na wiki mbili za jioni zatosha. Kwa ng'ambo itabidi kuazima mtumbwi.